Nipe Mji: Kitendawili na Sanaa ya Kuendesha Shindano Lisilo na Vita



Awali ya yote napenda kutoa shukrani zangu kwa Chuo kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu jioni hii. Wasomi walionitangulia katika mihadhara hii wamezungumzia mambo mazito: usanifishaji wa lugha, historia ya utenzi, nafasi ya Kiswahili katika elimu ya juu. Mimi nimekuja na jambo ambalo huenda likaonekana jepesi. Nimekuja kuzungumzia mchezo. Naomba mnivumilie, kwani nitajaribu kuonyesha kwamba ndani ya mchezo wa watoto wa pwani mna elimu ambayo sisi walimu tuliiacha mlangoni tulipoingia darasani.

Mada hii sikuipata maktabani. Niliipata nyumbani kwangu Malindi, kaskazini ya Mji Mkongwe, karibu na bandari. Mjukuu wangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo, hukutana na wenzake wanne kila usiku wa Jumamosi, wakaizunguka meza na kucheza mchezo ambao mimi sikuuelewa kwa muda mrefu. Mmoja wao ndiye msimamizi. Yeye husimulia nchi, miji na watu waliomo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: huyu mwizi, yule mganga, yule mwana wa mfalme aliyefukuzwa. Msimamizi huwaeleza mahali walipo, nao husema wanalotaka kulifanya. Na pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu, hurusha dadu. Hapana ubao wa lazima wala mshindi mmoja. Ni hadithi inayosimuliwa na watu watano, na hapana hata mmoja wao anayeujua mwisho wake.

Usiku mmoja, wenzake walipokwisha kuondoka, alinijia akaniambia: “Shikamoo babu. Nina swali la kitaalamu.” Nikamwambia aulize. Akasema: “Tukiwa vitani mchezo unanoga. Vita vikiisha, ikawa tunatakiwa kumshawishi mlinzi atupishe, au kufumbua fumbo lililoandikwa mlangoni, mchezo unapoa. Mmoja anarusha dadu, dadu inamkataa, basi tumekwama. Wengine wanatazama simu zao. Tufanyeje?”

Nilimjibu kwamba jibu lilikuwa likikaa chini ya dirisha lake kila magharibi kwa miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Mhadhara huu ni maelezo marefu ya jibu hilo fupi.

Kwa nini vita hunoga

Tuanze kwa kuwatendea haki wapiganaji. Mchezo anaoucheza mjukuu wangu ni wa ukoo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mchezo huo ulizaliwa ndani ya michezo ya vita, ambayo watu wazima waliicheza mezani kwa vinyago vya askari. Si ajabu, basi, kwamba kanuni zake za kupigana ni nyingi na zimepimwa vizuri, na kanuni za kuzungumza, kubembeleza na kufumbua mambo zilikuwa chache tangu mwanzo.

Wala raha ya kupigana kwa mchezo si ngeni kwetu. Kila mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huadhimisha Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili huchapana kwa migomba, wanawake huimba, na kibanda cha makuti hutiwa moto. Ukiwatazama utaona mambo matatu yanayolifanya pambano lile kuwa tamu. Kwanza, kila aliyeingia uwanjani ana la kufanya. Pili, kila pigo hubadilisha kitu, hata lile lililokosa shabaha, kwa kuwa aliyelikosa sasa yu wazi kupigwa. Tatu, hapana ajuaye mapema nani atarudi nyuma. Hayo ndiyo mambo ninayoyaita nguzo za shindano: zamu kwa wote, badiliko kwa kila tendo, na mwisho usiojulikana.

Swali la mjukuu wangu, tukilitazama kwa makini, halihusu panga. Linahusu nguzo hizo tatu. Mlinzi wa mlango anaposhawishiwa kwa mrusho mmoja wa dadu, aliyecheza ni mtu mmoja, si kundi. Dadu inapokataa, hakuna kilichobadilika: mlango ulikuwa umefungwa na bado umefungwa. Mchezo umepoa kwa sababu nguzo zake zimeng’olewa, si kwa sababu damu haikumwagika.

Watunzi wa mchezo huo wenyewe waliliona tatizo hili. Katika toleo la nne, lililotoka mwaka 2008, waliweka utaratibu wa jaribio lisilo la vita, ambapo kundi linatakiwa lifaulu mara kadhaa kabla ya kushindwa mara kadhaa. Utaratibu huo una faida moja kubwa, nayo ni kuwapa zamu watu wengi. Lakini hesabu peke yake haiwi mchezo. Watu wanaweza kurusha dadu mmoja baada ya mwingine, wakahesabu, wakamaliza, na lisisemwe neno hata moja la kukumbukwa.

Kitendawili kama shindano kamili

Sasa tugeukie barazani. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, unasifiwa kwa milango yake ya nakshi. Mimi ningependa usifiwe pia kwa mabaraza yake, yale madawati ya mawe yaliyoshikamana na kuta za nyumba. Huko wanaume hucheza bao, karata na dhumna. Na huko, na katika nyua za ndani, watoto wa zama zangu walikusanywa na bibi zao baada ya sala ya isha kwa ajili ya hadithi na vitendawili.

Mchezo wa vitendawili mnaujua nyote, lakini tuutazame kana kwamba hatujapata kuuona. Mtegaji huita: “Kitendawili!” Hadhira huitika: “Tega!” Hapo tayari mkataba umefungwa. Hakuna anayetegewa bila ya ridhaa yake. Kisha hutajwa jambo lenyewe, tuseme “Popoo mbili zavuka mto.” Wasikilizaji hujaribu. Mmoja atasema nyota, mwingine atasema mashua. Kila jibu lisilokuwa hubakia hewani, na wanaofuata hulitumia: si kitu cha majini, si kitu cha mbinguni, basi ni nini kiendacho viwili viwili na kufika mbali bila ya kulowa? Jibu ni macho.

Tazameni nguzo zetu. Zamu ipo kwa wote: mkubwa na mdogo, mjuzi na mgeni, kila mmoja anaruhusiwa kukisia. Badiliko lipo kwa kila tendo, maana kosa la mmoja ni mwanga kwa mwenziwe. Na mwisho haujulikani, kwa kuwa hata mtegaji hajui kama siri yake itadumu au itafumbuliwa kwa neno la kwanza.

Lakini upo ufundi wa nne, na huo ndio kiini cha mazungumzo yangu. Wasikilizaji wakishindwa kabisa, mtegaji hasemi “mmekosa” akanyamaza. Husema: “Nipeni mji.” Nao humpa mji: Pemba, Lamu, Mombasa, Maskati. Mtegaji huupokea, huenda huko kwa maneno, hueleza alivyofika na alivyopokewa, kisha hulifichua jibu. Akiukataa mji huo kwa kuuona mdogo, hudai mwingine, na watu hucheka.

Wahakiki wengi wamelitaja jambo hili kwa sentensi moja, kama pambo la mchezo. Mimi naliona kuwa ndilo boriti la nyumba nzima. Mji ni gharama, kwa hiyo kushindwa kuna uzito. Lakini ni gharama inayolipwa kwa mawazo, kwa hiyo hata maskini anaweza kuilipa. Na zaidi ya yote, mji hufungua njia. Kushindwa hakuusimamishi mchezo, bali huanzisha safari. Aliyeshindwa ndiye anayechagua mahali safari hiyo itakapokwenda, kwa hiyo hata katika kushindwa kwake amebaki kuwa mtunzi.

Fumbo lisiloweza kushindwa na fumbo lenye jeraha

Ili kulielewa jambo hili vizuri, tulilinganishe na tanzu mbili jirani.

Ya kwanza ni ngonjera, ambayo Mathias Mnyampala aliisitawisha na ambayo ilienea mno mashuleni baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Katika ngonjera wahusika hubishana kwa beti, mmoja akipinga na mwingine akieleza, mpaka mpingaji akakubali. Ni sanaa yenye manufaa yake, na mimi mwenyewe niliwahi kusimama jukwaani nikiwa mpingaji. Lakini si shindano. Mpingaji ameandikiwa kushindwa kabla hajafumbua kinywa. Nguzo ya tatu haipo. Msimamizi wa mchezo anayewaletea wachezaji wake fumbo lenye njia moja tu ya kupita, njia aliyoichagua yeye, amewaandikia ngonjera bila ya kuwaambia.

Ya pili ni malumbano ya washairi. Mapema katika karne ya 19, wakati wa uhasama uliozaa vita vya Shela, Mombasa na Lamu zilirushiana mashairi, Muyaka bin Haji akiwa upande wa Mombasa na Zahidi Mgumi upande wa Lamu. Hapo kushindwa kuliwezekana kweli, na ufundi ulikuwa wa hali ya juu. Lakini nyuma ya beti palikuwa na majahazi ya vita na watu wa kufa. Maneno yalikuwa upanga mwingine. Taarabu yetu pia imezijua nyimbo za mafumbo ambazo mlengwa wake alizielewa akaondoka akilia.

Kitendawili cha barazani kinakaa baina ya hizo mbili. Kinaweza kushindwa, tofauti na ngonjera. Lakini anayeshindwa haondoki na jeraha, tofauti na malumbano. Kuipata nafasi hiyo ya kati si bahati. Ni kazi ya mtegaji.

Nyumba isiyo na mlango

Naomba sasa niseme jambo langu binafsi, kwa kuwa bila ya hilo mhadhara huu ungekuwa nadharia tupu.

Nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi, bibi yangu alitutegea kitendawili ambacho kila mtoto hapa anakijua: “Nyumba yangu haina mlango.” Tulikuwa watoto saba au wanane. Miongoni mwetu alikuwamo mtoto wa mvuvi, jirani yetu, ambaye baba yake alikuwa amezikwa wiki chache zilizopita. Yule mtoto, ambaye tangu msiba ule alikuwa hasemi sana, alijibu kabla yetu sote. Alisema: “Kaburi.”

Sisi tulinyamaza. Hata watoto tulijua kwamba jambo limetokea. Bibi hakusema amepata, wala hakusema amekosa. Alisema: “Hiyo ni nyumba ya sote, mwanangu, na umeijua mapema. Yangu mimi ni ndogo, inaingia kiganjani. Bado hamjanipata. Nipe mji, nipe wewe.” Yule mtoto akampa Tumbatu, kisiwa alichotoka baba yake. Bibi akenda Tumbatu. Akatueleza alivyovuka kwa ngalawa, alivyopokewa na wazee waliokaa ufukweni wakishona nyavu, na jinsi walivyomuuliza: mtoto wa fulani hajambo? Akawajibu hajambo, anajua mafumbo. Alikaa Tumbatu muda mrefu kuliko desturi. Aliporudi ndipo akatupa jibu, ambalo ni yai, na hapana aliyelijali tena.

Miaka mingi baadaye nilikuwa mwalimu kijana. Nilitunga mtihani wa Kiswahili, na kwa kujifaragua kwamba naukuza utamaduni, niliweka vitendawili vitano, alama mbili kila kimoja. Kimojawapo kilikuwa hicho hicho. Nilipokuwa nikisahihisha niliikuta karatasi ambayo mwanafunzi ameandika “kaburi.” Nilitia alama ya kosa kwa wino mwekundu nikaendelea na karatasi nyingine. Sikumuuliza kwa nini. Sikumwomba mji. Nilikumbuka usiku ule wa Tumbatu baadaye sana, wakati mwanafunzi yule alikwisha kumaliza shule, na mpaka leo sijui alikuwa na nini moyoni alipoliandika neno lile.

Tangu hapo nimeamini kwamba tulipokitia kitendawili katika vitabu vya mazoezi tulichukua swali na jibu, tukaacha mji. Tulichukua ganda tukaacha kiini. Na mwanafunzi asiyepewa nafasi ya kutoa mji hujifunza jambo moja tu: kwamba kukosa ni mwisho wa mazungumzo.

Jahazi la Malindi

Nirudi kwa mjukuu wangu, maana aliniomba ushauri wa vitendo. Tulikaa pamoja tukatunga shindano moja lisilo na panga, na kwa kuwa tuliliweka katika mtaa wetu wenyewe nitalieleza kwa ufupi.

Ni zama za majahazi. Chombo kimetia nanga mbele ya Malindi, kimejaa karafuu, na upepo wa kaskazi unakwisha. Kusi likianza kuvuma, chombo kinatakiwa kuelekea Arabuni pamoja na vyombo vingine. Lakini tanga lake limezuiwa ghalani na mfanyabiashara anayemdai nahodha. Wahusika wa wachezaji ni serahangi wa chombo, binti ya nahodha, mwandishi wa barua na bawabu wa ghala. Shabaha yao ni kulipata tanga bila ya kuvunja mlango.

Kanuni tulizojiwekea zilikuwa nne. Ya kwanza: mfanyabiashara asiwe ukuta. Awe mtu mwenye haja zake, na haja hizo zijulikane kidogo kidogo kwa anayeuliza vizuri. Sisi tulimpa haja tatu: fedha yake, heshima yake mbele ya majirani, na barua kutoka kwa ndugu yake aliyeko Maskati, ambayo hana wa kumsomea.

Ya pili: kila mhusika awe na mlango wake. Mwandishi anaweza kuisoma barua, binti anaweza kuzungumza na mke wa mfanyabiashara, serahangi anaujua upepo, bawabu anajua tanga limewekwa wapi. Hapo hapana wa kutazama simu.

Ya tatu: mchezaji aseme kwanza, dadu ifuate. Asiseme “namshawishi.” Aseme anamwambia nini na kwa njia gani. Neno zuri lipunguze ugumu wa mrusho. Neno la matusi liuongeze. Na neno likiwa zuri mno, dadu ikae kando kabisa.

Ya nne, na hiyo ndiyo ya bibi: anayeshindwa atoe mji. Dadu ikikataa, msimamizi asiseme “hukufaulu.” Amwombe mchezaji aeleze kushindwa kwake kumewapeleka wapi. Pengine siku imepita na kusi limekaribia. Pengine mfanyabiashara amekubali, lakini anataka binti abakie kuwa rehani. Pengine habari imefika sokoni na wadai wengine wanakuja. Njia iwe ghali zaidi, lakini isizibwe.

Walicheza Jumamosi iliyofuata. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikijifanya nasoma. Serahangi alitoa hoja yake kuhusu upepo, akarusha dadu, dadu ikamkataa. Pakawa kimya, kile kimya cha kawaida cha mchezo unaopoa. Kisha nikamsikia mjukuu wangu akisema: “Nipe mji.” Wenzake walicheka, kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja, kila mmoja na shauri lake juu ya balaa linalofaa kuwafika. Walimaliza karibu na alfajiri. Tanga walilipata, lakini waliliacha deni la nahodha mikononi mwa mwandishi, naye ndiye aliyelitaka mwenyewe. Hapana aliyechomoa kisu.

Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizozikusanya kwa wenyeji wa Unguja, na tangu hapo wasomi wengi wameendelea kukusanya maneno ya fasihi simulizi yetu. Kazi hiyo inastahili heshima. Ombi langu ni kwamba sasa tukusanye pia kanuni za uendeshaji wake: nani alianza, nani aliruhusiwa kusema, aliyekosa alitendewa nini. Maneno ya kitendawili ni mistari miwili, na mtu anaweza kuyaandika kwa dakika moja. Uendeshaji wake ulihitaji bibi mwenye jicho la kuona mtoto yupi amekaa kimya tangu jana.

Kwa vijana wanaoendesha michezo ya mezani, nawaambia kwamba hawana haja ya kuona haya kwamba mchezo wao ulitoka mbali. Meza ni baraza lililoingizwa ndani. Na kwa walimu wenzangu naomba jambo dogo. Mara nyingine mwanafunzi atakapotoa jibu ambalo halimo katika mwongozo wa kusahihishia, kabla ya kalamu nyekundu, tumwombe mji. Huenda ana Tumbatu yake anayotaka tumpeleke.